Makanisa yetu yawakumbuke wanaouguza wazee majumbani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu watu wanaouguza wazee majumbani, na hasa kuhusu namna sisi Wakristo wa Mombasa tunavyohimizana kuwa wavumilivu na wenye fadhili bila kuambiana uvumilivu huo hupatikana wapi. Mimi ni mkaazi wa Kisauni, ni mke na mama, ni muumini wa kanisa la Kianglikana, na huu ni mwaka wa sita tangu nianze kumtunza mavyaa wangu, mama aliyemzaa mume wangu, ambaye ana ugonjwa wa kusahau unaoitwa dimensia. Ninayoyasema hapa nimeyaona kwa macho yangu, na mengine nimeyatenda kwa mikono yangu, likiwemo moja ambalo natamani lisingalitendeka.

Mavyaa ni mzaliwa wa Taita. Aliletwa Mombasa akiwa bibi harusi, akalea watoto wanne hapa, akauza mboga kwa miaka mingi katika soko la Kongowea, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Ugonjwa ulianza kwa mambo madogo ambayo hatukuyapa uzito: alihesabu chenji mara tatu, aliacha sufuria motoni mpaka maji yakakauka, aliuliza habari za dada yake ambaye tulikuwa tumekwisha kumzika. Baadaye akaanza kuficha vitu na kudai vimeibwa, na mwizi, kila mara, nilikuwa mimi. Kufikia mwaka wa tatu Kiswahili kilikuwa kinamtoka, akabaki na Kidawida, lugha ya utotoni mwake, nami ni Mgiriama wa Kaloleni nisiyejua Kidawida isipokuwa salamu. Ikawa nampikia, namlisha, namwogesha na kumvisha mtu ambaye hatuelewani hata neno moja.

Saa iliyo ngumu kuliko zote ni magharibi. Jua likianza kuzama huingiwa na wasiwasi, hujitanda leso, hukusanya vitu vyake na kuelekea mlangoni akisema kwamba anataka kwenda kwao. Mtu ambaye hajamuuguza mgonjwa wa namna hii hudhani kwamba hilo ni jambo la kumweleza mara moja likaisha. Nimemweleza kwamba hapa ndipo kwake, nimemwonyesha picha za harusi ya mwanawe zilizotundikwa ukutani, nimemfungia mlango, naye amenililia pale mlangoni kama mtoto aliyepotea njia. Mume wangu hufanya kazi ya zamu bandarini, kwa hiyo jioni nyingi tulibaki mimi na yeye, pamoja na watoto wanaotaka chakula na wanaotaka kusaidiwa kazi za shule.

Jioni moja, katika mwaka wa nne, aliusukuma mkono wangu, uji wa moto ukanimwagikia miguuni. Hakukusudia, na hata wakati ule nilijua kwamba hakukusudia. Nilimshika mkono, nikamvuta kwa nguvu, nikamkalisha, nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika gazetini. Asubuhi yake nilipokuwa nikimwogesha niliziona alama za vidole vyangu juu kidogo ya kiwiko chake, zimekwisha kugeuka rangi. Yeye alikuwa amesahau. Aliniita kwa jina la dada yake, akatabasamu kwa sababu maji yalikuwa ya vuguvugu na ngozi yake ilikuwa imestarehe.

Tangu siku ile sikuweza kuimaliza Sala ya Bwana. Nilipofika mahali pa kuomba kusamehewa makosa, nilinyamaza. Wala si kwamba nilikuwa mtu asiyesali. Nilikuwa nikisali kila alfajiri, na kila alfajiri nilikuwa nikiomba uvumilivu. Lakini nilipouchunguza moyo wangu kwa uaminifu niliona kwamba jambo nililokuwa nikiliomba hasa ni Mungu ambadilishe mavyaa, na kama hambadilishi, basi amchukue. Siandiki haya kwa kuona fahari. Nayaandika kwa sababu najua yupo msomaji, huenda yuko Likoni au Changamwe au Mikindani, ambaye amewahi kuomba sala hiyo hiyo na anadhani ni yeye peke yake.

Nilikwenda kumwona kasisi wetu nikitarajia kusomewa mstari na kuombewa, kisha nirudi nyumbani nikajaribu tena. Badala yake aliniuliza mambo matatu. Je, nalala saa ngapi kwa usiku mmoja? Je, ni nani hukaa na mama ninapokwenda sokoni? Je, mara ya mwisho kuketi ibadani mpaka baraka ya mwisho ilikuwa lini? La kwanza nilimjibu: saa tatu, na si saa za mfululizo. La pili nilimjibu: hakuna mtu. La tatu sikulikumbuka jibu lake. Ndipo akanikumbusha habari za nabii Eliya, jinsi alivyokimbilia nyikani, akaketi chini ya mti wa mretemu, akamwomba Mungu amtoe roho yake. Nilikuwa nimeisikia hadithi hiyo tangu shule ya Jumapili, lakini sikuwahi kuliona jambo alilonionyesha siku ile. Mungu hakumkemea Eliya, wala hakumhubiria. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akamwonyesha mkate na gudulia la maji. Alipokwisha kula akalala tena, akaamshwa mara ya pili, akala mara ya pili, na ni baada ya hapo tu ndipo aliposafiri kwenda mlimani kuisikia ile sauti ndogo. "Wewe unataka kufika mlimani bila kula," kasisi aliniambia, "na sisi kanisa hatujakuletea huo mkate."

Tangu wiki iliyofuata, kina mama wawili wa Umoja wa Akina Mama huja nyumbani kwangu kila Jumatano na kila Jumamosi, kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja jioni. Hawaji kuniombea na kuondoka. Huketi na mavyaa, humsuka nywele, humpa chai, mmoja akifua huku mwingine akimwangalia, nami hulala, au hutoka, au huketi tu barazani pasipo kuitwa na mtu. Majuma mawili ya kwanza nililala usingizi mzito wa mtu aliyetoka safari ndefu. Baada ya hapo, na napenda msomaji aliangalie jambo hili vizuri, nilianza kuwa mpole. Sikujikaza. Hasira ilichelewa kuja. Siku moja alinituhumu kuwa nimeiba leso yake, na kwa mara ya kwanza niliona hofu iliyokuwa usoni pake kabla ya kuyasikia matusi yaliyokuwa kinywani mwake.

Mmoja wa wale kina mama ni Mtaita. Alipoanza kuzungumza naye Kidawida, nyumba yangu ilibadilika kama nyumba iliyofunguliwa madirisha. Waliimba nyimbo za kanisa za lugha hiyo, mavyaa akayakumbuka maneno yote, ubeti kwa ubeti, mtu ambaye hakumbuki kama amekula. Yule mama ndiye aliyenieleza kwamba "kwetu" anakotaka kwenda mavyaa kila magharibi si mjini Wundanyi wala si nyumba yoyote iliyopo leo. Ni nyumba ya mama yake, miaka sabini iliyopita, na jambo linalomtia wasiwasi ni mbuzi ambao hawajarudishwa zizini na giza linaingia. Kwa miaka minne nilikuwa nikimfungia mlango mtoto wa kike anayeogopa kupigwa kwa sababu ya mbuzi wa babake.

Sasa nimejifunza maneno machache. Jua likishuka huwasha taa zote mapema kabla kivuli hakijaingia vyumbani, humkalisha kitini, humwuliza kwa Kidawida changu kibovu habari za mbuzi wake: ni wangapi, na yupi ni mkorofi. Yeye huwahesabu, huwataja, huwacheka, na mara nyingi wasiwasi hupita bila kufika mlangoni. Zikiwa zimesalia nguvu, hufungua lango tukazunguka mtaa mara moja, tukarudi, naye huingia ndani kama mtu aliyefika. Wapo watakaosema kwamba huo ni udanganyifu na haumfai Mkristo. Nimelifikiria sana jambo hili, kwa kuwa sipendi uongo. Simwambii kwamba mbuzi wamo zizini. Namwuliza tu habari zao, kwa sababu kwake wapo, na kumfuata mtu mahali alipo hata kama mahali hapo mimi sipaoni ndiyo fadhili ambayo nimepewa kuitenda kwa sasa.

Mtume Paulo alipowaandikia Wagalatia aliutaja uvumilivu, utu wema na fadhili kuwa ni tunda la Roho. Tumezoea kuhubiri kana kwamba tunda hilo humea juu ya mtu mmoja aliyesimama peke yake. Kwetu Kaloleni mnazi ulio karibu na jiko huzaa kuliko mnazi ulio mbali, kwa sababu hupata maji ya vyombo na majivu ya kila siku, wala hakuna anayeusifu mnazi huo kwamba una moyo wa kuzaa. Lakini mtu anayeuguza husifiwa. Huambiwa, "Wewe dada Mungu amekupa moyo, mimi nisingeweza." Nimeambiwa maneno hayo mlangoni mwa kanisa mara nyingi mno, na kwa kweli sijui hata mmoja kati ya walioniambia ambaye alinifuata nyumbani. Najua wanasema kwa nia njema. Hata hivyo, sifa ya namna hiyo ni njia ya kuaga, kwa kuwa ukishakubali kwamba jirani yako amepewa moyo wa pekee, hakuna tena haja ya kumshika mkono.

Sitakuwa nimetenda haki nisipomtaja jirani yangu Mwislamu, ambaye tangu mwanzo, kabla ya kanisa langu kuamka, alikuwa akikaa na mavyaa nikimbilie dukani, na kila Ramadhani hutuletea sahani ya futari na kuhakikisha kwamba mgonjwa amekula. Yeye husema subira, nasi tunasema uvumilivu. Wakati wa kuhitajiwa hangoji kuitwa.

Liko jambo jingine ambalo haliwezi kupita kimya. Katika mwaka wa nne huo huo hali ya mavyaa iliharibika ghafla katika siku mbili tatu: akawa halali, anapiga kelele, anazungumza na watu wasioonekana. Ndugu wa ukoo walishauri apelekwe kwa kikundi fulani cha maombezi, nami kwa kuchoka nilikubali. Alikalishwa katikati ya watu, akashikwa kichwa, akafokewa kwa muda wa saa nyingi ili pepo amtoke, naye alikuwa akilia akimwita mama yake. Siku ya tatu tulimpeleka hospitali, daktari akampima, akakuta maambukizi katika njia ya mkojo, akaeleza kwamba kwa wazee, na hasa wenye dimensia, maambukizi ya namna hiyo huweza kuvuruga akili kwa ghafla hata kabla mgonjwa hajalalamika maumivu. Alipewa dawa, na kabla ya wiki kwisha alikuwa amerudia hali yake ya kawaida. Naamini maombi, na namwombea kila usiku nikiwa nimemshika mkono. Ila sikubali, na sitakubali tena, kwamba kumfokea mzee mgonjwa ni kazi ya Roho yule yule aliyetajwa na Paulo.

Wasomaji wa Pwani wanajua kwamba jambo hili halina mzaha. Katika kaunti jirani za Kilifi na Kwale wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingi naogopa kwamba baadhi yao kosa lao lilikuwa kusahau, kutangatanga usiku, kujisemea peke yao au kuingia katika boma la mtu wakidhani ni kwao. Hayo yote mavyaa wangu huyafanya. Angekuwa kijijini, bila mtu wa kumweleza, angeitwaje? Shirika la Afya Duniani linasema kwamba zaidi ya watu milioni 55 duniani wana dimensia, kwamba haina tiba ya kuiondoa, na kwamba asilimia 70 ya saa za kuwatunza wagonjwa hao hutolewa na wanawake. Mapadri, makasisi na wachungaji wana mimbari ambayo hakuna daktari aliye nayo. Jumapili moja tu ya kueleza kwamba kusahau kwa namna hii ni ugonjwa wa ubongo, si pepo wala si uchawi, inaweza kuokoa shingo ya mzee.

Serikali nayo ina sehemu yake. Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa jamaa zake na kutoka kwa Serikali, wote wawili. Shilingi 2,000 za kila mwezi za mpango wa Inua Jamii, kwa wazee waliofikisha miaka 70, twazishukuru, ingawa kwetu nepi za watu wazima peke yake huzimaliza kabla ya mwezi kwisha. Lakini barua hii nimeikusudia kanisa, kwa hiyo nalirudia.

Sisi Wakristo wa upande huu wa kisiwa tuna historia ambayo inapaswa kutufundisha. Frere Town ilianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani, na kengele iliyolipa eneo la Kengeleni jina lake iliwekwa ili hatari ikionekana ipigwe, watu wote wajue kwa pamoja. Hakuna aliyetarajiwa kukabiliana na washambulizi peke yake kwa sababu amepewa moyo. Tena kule Rabai aliishi mmishenari Johannes Rebmann, ambaye watoto wetu hufundishwa kwamba aliiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848. Ni mara chache tunawaambia kwamba alipoondoka mwaka 1875 alikuwa karibu kipofu kabisa. Mtu wa namna hiyo haendi kisimani wala kanisani peke yake. Walikuwapo walioishika fimbo yake, waliomtengea chakula na kumwonyesha kizingiti, na mimi huwafikiria watu hao kuliko ninavyoifikiria ile theluji.

Kwa hiyo ombi langu kwa makanisa ya Mombasa, ya madhehebu yote, ni dogo na linawezekana. Kila kanisa liandike orodha ya nyumba zenye mgonjwa asiyeweza kuachwa peke yake, kama tunavyoandika orodha ya wanakwaya na ya michango ya harusi. Kila nyumba ipewe saa tatu kwa wiki za watu wawili, walewale kila mara, kwa sababu mgonjwa wa dimensia huogopa sura ngeni. Itafutwe, kila inapowezekana, sauti inayozungumza lugha ya utotoni mwa mgonjwa; mji huu una watu wa kila kabila, na makanisa yetu vivyo hivyo. Wanaume wasijitoe. Mume wangu alijifunza kumlisha mama yake baada ya mzee mmoja wa kanisa kuja kuketi naye na kumwonyesha jinsi ya kushika kijiko na kungoja ameze, jambo ambalo mimi nilikuwa nimelisema mara mia. Na anayeuguza akija kwa mchungaji kuungama kwamba ameshindwa kuvumilia, naomba aulizwe kwanza amelala saa ngapi.

Kuhusu zile alama za vidole, nilimwambia mume wangu, nikawaambia na wale kina mama wawili. Mavyaa nilimwomba msamaha kwa Kidawida, maneno niliyofundishwa na kuyakariri. Sidhani kwamba alijua naomba msamaha wa nini. Alinishika mkono akaniuliza kama nimekula. Jumapili iliyofuata niliimaliza Sala ya Bwana.

Leo ni Jumatano, na nimepata nafasi ya kuandika kwa sababu wenzangu walikuwa hapa. Wameondoka sasa hivi. Inakaribia saa kumi na mbili, na sharti nikawashe taa.

Ni mimi msomaji wako,
Mkaza mwana,
Kisauni, Mombasa.